Mwavuli Uliorudi Mara Moja Tu

Meya wa Tiszakerek ana ofisi yenye zulia, lakini mambo ya mji huamuliwa kwenye benchi la kijani mbele ya mkahawa wa Marika, mkabala na Jumba la Utamaduni. Benchi lina watu watatu na halitaki wa nne. Kushoto hukaa Gazsi, kinyozi mstaafu, ambaye mji mzima humwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Katikati ni Ödön, aliyetibu ng'ombe na farasi wa wilaya nzima kwa miaka thelathini na tano. Huyo ni Profesa, na akisema neno hulisema kana kwamba ameliandikia cheti. Kulia ni Vendel, aliyekuwa mkuu wa stesheni mpaka treni zilipoacha kusimama, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa kama makoleo. Yeye ni Viganja, na hakuitwa hivyo kwa ukubwa wa mikono tu. Jumamosi hiyo ya Oktoba jua lilikuwa limetoka vizuri, Marika alikuwa ameshaleta kahawa ya kwanza, na benchi lilikuwa na msiba wa kujadili.

– Mara moja! alisema Redio, akitema ganda la mbegu ya boga. Mara moja tu, jamani! Kama vile sisi ni watu wa mji jirani, wa Füzesd!

– Füzesd wanarudisha mara mbili, Profesa alimsahihisha.

– Ndiyo maana yangu! Tumeshuka chini ya Füzesd! Mimi leo nimetoka nyumbani kwa mlango wa nyuma.

– Mlango wa mbele umekukosea nini?

– Mlango wa mbele unatazamana na shemeji yangu, na shemeji yangu ni wa Füzesd.

Msiba wenyewe ulikuwa huu. Kila vuli kundi la waigizaji kutoka mji mkuu huzunguka tambarare yote kwa basi, jioni moja kila mji, na mchezo wa nyimbo uitwao Glavu za Rozália. Hakuna asiyeujua, watu waliupokea kwa bibi zao pamoja na vyombo vya kabatini. Lakini watu hawaendi kumwona Rozália wala luteni wake. Wanaenda kwa ajili ya sehemu ya pili, pale mtumishi Tóbiás na kijakazi wanapocheza na mwavuli wenye tundu. Wakimaliza, ukumbi unapiga makofi kwa pamoja, pa, pa, pa, mikono mia tatu kama mkono mmoja, mpaka wachezaji warudi na kuanza upya. Tiszakerek huwarudisha mara tatu. Imekuwa hivyo tangu zamani, na anayeanzisha ni Vendel. Yeye hupiga kofi la kwanza, kubwa, peke yake, na wengine humfuata. Hakuna anayethubutu kumtangulia.

Jana mwavuli ulirudi mara moja. Kisha makofi yakaanza huku na kule, kila mtu na lake, yakapwaya, yakaisha. Tóbiás alibaki ukingoni mwa jukwaa na mwavuli wazi, anatabasamu, mguu mmoja mbele, anasubiri. Fundi wa sauti akaweka wimbo uliofuata. Tóbiás akaufunga mwavuli polepole na kutoka.

– Viganja, kahawa yako inapoa, alisema Profesa.

Vendel aliitazama kahawa kana kwamba ni ya mtu mwingine. Hakuigusa.

– Muache, alisema Redio. Ana uchungu. Wewe ungekuwa umepiga kofi la kwanza kwa nguvu zile halafu mji mzima ukuangushe, ungekunywa kahawa? Mimi nasema ni viti.

– Viti gani?

– Vile vipya walivyoleta kiangazi! Vya zamani vilikuwa mbao tupu. Ukipiga kofi linadunda, linamfikia jirani, jirani analirudisha. Hivi vipya vina sponji. Sponji inakula makofi! Mimi nilikuwa safu ya tisa, nikapiga hivi, nikaona kabisa kofi langu linaingia kwenye kiti cha mbele na halitoki.

– Uliliona kofi?

– Nililiona!

– Gazsi, hizo ni fiksi, alisema Profesa. Suala hapa ni hewa. Jana hewa ilikuwa nzito. Hewa ikiwa nzito ng'ombe hashushi maziwa, nimeshuhudia mara elfu. Chuchu inasinyaa. Sasa kiganja cha binadamu ni nyama ileile. Kikisinyaa, kofi linatoka dogo.

– Kwa hiyo umetulinganisha na chuchu za ng'ombe.

– Kitaalamu, ndiyo.

– Basi mbona makofi ya kwanza yalitoka sawa? Hewa ilikuwa nyepesi, ghafla ikawa nzito baada ya dakika tatu?

Profesa alikunywa kahawa ili apate nafasi ya kufikiri, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu Redio hahitaji nafasi.

– Nitakwambia ni nini. Füzesd walituma watu! Safu ya sita walikaa watu kumi na mmoja nisiowafahamu. Kumi na mmoja! Mmoja alikuwa na kofia ya manyoya ndani ya ukumbi. Sisi tukipiga pa, wao wanapiga katikati. Makusudi! Wametuharibia mdundo.

– Wale ni wakwe wa mwuza dawa. Wametoka Szeged kwa ajili ya ubatizo.

– Ndivyo walivyokwambia!

– Sikiliza, nikupe kitu cha maana, alisema Profesa, akiweka kikombe chini. Zamani walikuja na wapiga muziki saba na kiongozi wao. Kiongozi anageuza shingo, anatuona, anarudisha wimbo. Jana walikuja na kijana mmoja na kompyuta. Kompyuta ile inatoa mlio sisi hatuusikii. Mlio huo unaingia kwenye viwiko. Bodri, mbwa wangu, jana saa mbili na nusu alilia vibaya sana. Saa mbili na nusu! Mwavuli ulikuwa jukwaani saa ngapi?

Redio alitoa macho.

– Saa mbili na nusu.

– Mimi sisemi kitu. Mbwa ndiye aliyesema.

– Mama yangu! Kwa hiyo ni mpango! Huko juu wameamua. Mara tatu kila mji, hesabu miji mingapi, ni saa nzima za umeme wa serikali! Wamesema hawa tuwatie mlio wa viwikoni wakalale mapema!

Vendel aliwasikiliza na kuangalia viatu vyake. Kwa saa nzima hawa wawili walikuwa wameshitaki viti, hewa, Füzesd, kompyuta na serikali, na hakuna aliyefikiria kumwuliza yeye swali dogo kuliko yote. Waliamini alipiga. Kwao, Vendel kutopiga ni kama saa ya kanisa kuamua yenyewe kunyamaza. Na yeye ndiye aliyenyamaza. Wakati ukumbi mzima ulipomngoja, alikuwa ameikalia mikono yake miwili, kiganja kimoja chini ya kila paja.

Marika alitoka na sinia. Ni mama wa miaka hamsini na mbili, mpana, mwepesi wa miguu, na hana subira na benchi lake.

– Nyinyi mnapiga porojo, mwenzenu yuko hoi, alisema. Nimetoka bweni la shule ya kilimo, walikolala. Nimewapelekea chai. Wote wamekula. Bódog hajagusa kitu, hata pogácsa, mikate yangu midogo ya jibini.

Bódog Tarcali ndiye Tóbiás. Ndiye Tóbiás pekee ambaye mji umewahi kumkubali.

– Anaumwa tumbo? aliuliza Profesa.

– Tumbo gani! Anaumwa moyo. Kaniambia, "Marika, mji wenu umenichoka." Nikamwambia baba, acha hayo maneno. Akasema kashamwambia meneja wao. Kuanzia wiki ijayo Tóbiás atachezwa na yule kijana mwembamba anayecheza tarishi.

– Yule mwenye shingo? Redio alishika kichwa. Yule hata kuchekesha kuku hawezi!

– Ana magoti mawili mazima, ndivyo alivyosema Bódog. Basi lao linaondoka saa nne. Mzee Vendel, hii kahawa imekuudhi nini? Nikuletee nyingine?

– Acha tu, mwanangu.

Sasa Vendel aliumwa kweli. Alikuwa amefikiri amefanya jambo la huruma. Usiku kucha alijiambia hivyo. Kumbe amemvua mtu kazi yake. Angeweza kuinuka sasa hivi, bweni haliko mbali, akamweleze. Lakini amweleze nini? Kwamba mji haujakuchoka, ila mimi nimeona umezeeka? Hakujua lipi lingemuumiza zaidi yule mtu, kudhani hapendwi au kujua kwamba alionewa huruma. Aliona aibu, na aibu ilimbana kwenye benchi pamoja na mikono yake.

Hapo ndipo lilipokata kona sanduku la magurudumu, likigonga mawe ya njia, na nyuma yake Bódog mwenyewe. Nje ya jukwaa alikuwa mfupi kuliko mji ulivyomkumbuka, kofia imerudi kisogoni, mwavuli chini ya kwapa. Alisimama mbele ya benchi. Hakuna aliyesogea kumpisha akae. Si kwa ubaya, benchi halina mazoea hayo.

– Habari za asubuhi, wazee wangu.

– Nzuri! alisema Redio, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa.

– Basi liko pale, linajaza mafuta. Nina dakika chache. Miaka ishirini na sita nakuja kwenu, siulizi kwa ubaya. Jana nilikosea wapi?

– Viti! alisema Redio.

– Kompyuta, alisema Profesa.

– Watu wa Füzesd, na kofia ya manyoya!

– Mlio wa viwikoni. Nina mbwa shahidi.

Bódog aliwasikiliza wote wawili kwa adabu, mpaka kwenye mbwa.

– Ahsanteni, alisema. Lakini hapa kwenu kuna mtu mmoja anayeanzisha. Simwoni kwa sababu ya taa, ila namsikia. Kofi moja, kubwa, kama mlango wa ghala. Bado yu hai?

– Huyu hapa! Redio alimpiga Vendel begani. Viganja!

– Jana alikuwepo?

– Safu ya nne!

Bódog alimgeukia Vendel.

– Ulipiga?

Redio aliuondoa mkono begani mwa Vendel. Profesa alimtazama Vendel. Marika, mlangoni, alishusha sinia.

– Ya kwanza nilipiga, alisema Vendel. Ya pili sikupiga. Niliikalia mikono.

– Uliikalia?

– Niliikalia.

– Kwa nini?

Vendel alivuta pumzi. Lililobaki lilikuwa kulisema tu.

– Niliuona mkono wako. Ulipokuwa unapungia mwavuli huku unacheka, huo mwingine ulikuwa umeshika ukingo wa ule ukuta wa mbao wa jukwaani, nyuma. Vidole vilikuwa vyeupe. Kifua kinapanda na kushuka. Nikajisemea, mtu huyu aachwe apumzike. Nilifikiri nakusaidia.

Uso wa Bódog ulianza kuwa mwekundu kuanzia kwenye kola.

– Nilikuomba?

– Hukuniomba.

– Nilikuomba msaada, mimi? Mzee wangu, nina miaka sitini na tisa! Goti la kushoto wamenitilia la plastiki! Ule ukuta naushika kila siku ya Mungu tangu nina miaka arobaini. Pale ndipo Tóbiás anapovutia pumzi! Mafundi wamenipigilia kishikio, kishikio cha mlango kabisa, kwa misumari! Nyinyi mnapiga, mimi napumua, nikishiba hewa narudi. Hayo makofi ndiyo mapumziko yangu! Jana nimesimama pale nimeshavuta pumzi yote, mwavuli wazi, mguu tayari. Nasubiri. Nasubiri. Wewe unajua kusubiri kule?

– Najua, alisema Vendel. Treni zilipoacha kusimama hapa, nilitoka na bendera wiki nzima.

Bódog alikuwa na maneno mengine tayari, ila hilo lilimkata. Alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena.

– Miaka ishirini na sita, alisema, kwa sauti ya chini sasa. Mbona hukuuona mkono wangu mwaka jana?

– Nilikuwa nakaa kulia. Walipoleta viti vipya wakabadilisha namba, nikajikuta kushoto. Kutoka kushoto unaona nyuma ya ukuta.

– Viti! Redio aliruka juu kama aliyekalia msumari. Nilisema nini? Nilisema nini tangu asubuhi? Viti!

– Ulisema sponji, alisema Profesa.

– Nilisema viti!

Upande wa kituo cha mafuta basi lilipiga honi. Bódog aliinama akashika mkono wa sanduku.

– Haya. Angalau nimejua. Nilidhani ni mji mzima, kumbe ni mtu mmoja mwenye moyo mzuri. Hiyo ni nafuu.

– Mwakani utakuja? aliuliza Marika kutoka mlangoni.

– Atakuja yule kijana. Mpokeeni vizuri, hana kosa.

Aliligeuza sanduku, na magurudumu yakaanza tena kugonga mawe. Vendel aliutazama mgongo wake. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta kidogo, sasa aliona hata hilo, na tangu jana hakuwa akiona kingine. Goti la plastiki, kifua, vidole. Akikosea sasa, mtu ataanguka kwenye mawe mbele ya mkahawa wa Marika. Hilo nalo aliliona. Aliogopa waziwazi, kama mzee anavyoogopa ngazi.

Akasimama, akaichanua mikono yake, akapiga.

Kofi lilikwenda mpaka ukutani mwa posta na kurudi. Njiwa waliruka juu ya Jumba la Utamaduni. Bódog alisimama, mgongo bado umewageukia. Vendel akapiga la pili, peke yake, kisha la tatu, na kwenye la nne Redio na Profesa walikuwa naye, na kwenye la tano mwanamke aliyekuwa akitoka posta aliweka kifurushi chini ili apate mikono. Pa. Pa. Pa.

– Nyinyi mna wazimu, alisema Bódog bila kugeuka. Basi linaningoja.

– Lingoje! alipiga kelele Redio. Tunakudai mbili!

Bódog aliliachia sanduku. Akageuka, akaufungua mwavuli, ule ule wenye tundu, na uso wake ukawa uso wa Tóbiás papo hapo, kama taa iliyowashwa. Alimshika Marika kiunoni, sinia na yote, na Marika, ambaye hatua hizo alizijua kabla hajajua kuhesabu, alienda naye. Hapakuwa na muziki ila makofi, na midomo ya watu wanaoimba kuhusu mvua na tundu la mwavuli. Dereva wa basi aliligundua jambo, akaanza kupiga honi kwa mdundo. Walizunguka mara mbili, wakapita katikati ya meza, wakapiga goti mwishoni, goti la plastiki likiwa juu.

– Hiyo ni ya pili! alisema Profesa, ameloa machozi na hajali.

Bódog alisimama kando ya nguzo ya taa, mwavuli juu, anacheka. Mkono wake mwingine ulikuwa umeishika nguzo kwa nyuma. Vidole vilikuwa vyeupe, kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, na Vendel aliviona vyote, kwa sababu alikuwa upande wa kushoto. Mikono yake ilitaka kuacha. Aliikaza na kupiga. Alipiga taratibu, bila kuharakisha, akimtazama Bódog machoni, akimpa muda wote aliouhitaji, na watu wakamfuata mwendo. Pa. Na pa. Na pa. Waigizaji walishuka kwenye basi mmoja mmoja kuja kuona. Kijana mwenye shingo ndefu alikuwa mbele yao, anapiga kuliko wote.

Kisha mkono ukaiachia nguzo, na mwavuli ukarudi mara ya tatu.

Ulipokwisha, Bódog alikuja kwenye benchi akihema, jasho linatiririka ndani ya kola. Redio akasogea. Profesa akasogea. Vendel akasogea mpaka paja moja likawa nje, na Bódog akakaa, wa nne.

– Kahawa ipo? aliuliza.

Marika aliruka ndani, na kutoka huko ilisikika kelele yake. Mashine ilikuwa imeunguza kila kilichokuwemo, na moshi ulikuwa unatoka mlangoni.

Vendel alichukua kikombe chake kutoka ukingoni mwa benchi, kilichojaa bado, akampa. Bódog alikunywa chote kwa mkupuo mmoja na kukunja uso.

– Imepoa.

– Tangu saa tatu, alisema Vendel.

– Mwakani, alisema Bódog, akimrudishia kikombe, niwekee ya moto.